Rameswaram, India ya kusini: hekalu, "daraja la Nabii Adam" na mji uliochukuliwa na bahari. Nani anajua habari zake?

MtotoWaMkoani

Asalam alaykum wanajukwaa. Mie nipo Madurai, India ya kusini, nimemleta mzee kwa matibabu ya macho, jicho moja lishafanywa alhamdulillah ila daktari kasema tusubiri kwanza ndo aliangalie la pili, kwahiyo tumekaa gesti tunakula wali na michuzi yao ya pilipili mpaka ulimi ushazoea. Sasa mwenye gesti ni Muislamu wa Kitamil, kila baada ya Isha anatukalisha nje anatusimulia habari za mji mmoja wa pwani unaitwa Rameswaram, upo kisiwani, kutoka hapa kama kilomita 170. Anasema kuna hekalu kubwa ajabu, kuna daraja la mawe baharini linakwenda mpaka Sri Lanka, Wahindu wanasema walijenga nyani na Waislamu wa kule wanasema kapita Nabii Adam, halafu kuna makaburi ya Habil na Qabil, halafu kuna treni ilimezwa na bahari na watu wake wote. Kitamil mie sijui, Kiingereza chake cha kuokoteza na changu cha kuokoteza, kwahiyo nusu naelewa nusu nabahatisha.

Na jana mtu wa grupu la familia kanirushia video ya mawe yanaelea ndani ya tangi, eti ni ya hilo daraja.

Naomba mwenye kujua anifafanulie, ipi historia na ipi hadithi, na je inafaa kwenda? Mzee habari za hekalu hataki hata kuzisikia ila bahari anaitaka, maana tangu tutoke Pemba hajaona maji ya chumvi na ashaanza kulalamika kwamba hewa ya huku nzito.

Nahodha_Mstaafu

Waalaykum salaam kijana, mpe pole mzee. Mie nimekula chumvi ya bahari ile, tulikuwa tukishusha mzigo Tuticorin, na ukitoka Tuticorin unataka kwenda Chennai na meli kubwa huwezi kukata moja kwa moja, lazima uizunguke Sri Lanka nzima uje kutokea juu. Sababu ndo hayo anayokusimulia mwenye gesti. Mafungu. Yamejipanga kama kilomita 48 kutoka kisiwa cha Pamban, ambacho Rameswaram ipo juu yake, mpaka kisiwa cha Mannar upande wa Sri Lanka, mchanga umekaa juu ya mwamba wa chokaa, kina pengine mita moja pengine haizidi kumi, na mengine yapo juu ya maji kabisa ndege wanatua. Mvuvi na kimashua chake anapita, meli haipiti. 2005 serikali ya India ikaanza kuchimba mfereji njia ile ili meli zikate, Wahindu wenye imani wakasema daraja la mungu wao Rama haliguswi, wavuvi na watu wa mazingira nao wakaja na yao, 2007 mahakama ya juu ikazuia mafungu yasiguswe na mpaka leo meli zinazunguka.

Treni ni kweli na si hadithi. Waingereza walijenga daraja la reli kutoka bara mpaka Pamban, likafunguliwa Februari 1914, zaidi ya kilomita 2 juu ya bahari, na katikati pana kipande kinafunguka meli ipite. Hicho kipande hakikuwa na mota, ni watu wanazungusha kwa mikono, wengine upande huu wengine upande ule, mabawa mawili ya chuma yanainuka taratibu, basi kila chombo kikija wale jamaa wanasaga. Treni ikivuka inakwenda mpaka Dhanushkodi, ncha ya mwisho ya kisiwa, pale unashuka unapanda stima mpaka Talaimannar, unapanda treni nyingine mpaka Colombo. Yaani ulikuwa unakata tiketi moja Madras (ndo Chennai ya leo) unafika Colombo, wakiita Boat Mail. Dhanushkodi ilikuwa mji wenye stesheni, posta, forodha, kanisa, mahoteli ya wasafiri.

Usiku wa tarehe 22 Disemba 1964 (mwaka ule ule wa Mapinduzi kwetu) kikaja kimbunga. Treni ya abiria ilitoka Pamban karibu na saa sita za usiku, na watu zaidi ya 100. Inakaribia Dhanushkodi taa ya ishara haiwaki, mvua haionyeshi hata mkono, dereva akasimama akangoja, hakuna ishara, mwisho akapiga honi ndefu akaingia hivo hivo. Wimbi likayachukua mabehewa yote. Hakutoka mtu. Na mji wenyewe ukaenda, jumla ya waliokufa wanakadiria kama 1,800, serikali ikatangaza pale hapakaliki tena. Kuta za kanisa na stesheni zipo mpaka leo zimezama mchangani, na wavuvi wamerudi na vibanda vyao wanauza samaki na makombe.

Sie Unguja tuna kimbunga chetu cha 1872 kilichong'oa mikarafuu na kuvunja meli za Sultani, na Pemba kikaipita mbali ndo maana karafuu zikahamia kwenu. Kwahiyo usije ukadhani mambo haya ya wenzetu tu.

Daraja la reli nalo sehemu kubwa ya vyuma vilichukuliwa usiku ule wa 1964 ila kile kipande cha kufunguka kikabaki kimesimama. Injinia Sreedharan akapewa kazi ya kulitengeneza, akalirudisha kwa siku 46. Lilifanya kazi mpaka Disemba 2022 likawa limechoka na chumvi, sasa wamejenga jipya pembeni yake, limefunguliwa Aprili 2025, kipande cha katikati kinapanda juu kizima kizima kwa umeme. Ukipita na treni kaa dirishani.

mpemba_halisi

Dereva alipiga honi akaingia… yakhe mimi hapo nishashuka zamani natembea kwa miguu kurudi

Hurumzi_Dada

Mimi ni Mhindu wa hapa hapa Mji Mkongwe, kwetu ni watu wa Kachchh asili yetu, yaani mbali kabisa na Tamil Nadu, jimbo ulilopo wewe, lakini Rameswaram kwetu ni jambo kubwa, ni moja ya pembe nne za hija India nzima, Badrinath kaskazini, Puri mashariki, Dwarka magharibi, na Rameswaram kusini. Nyanya yangu alienda ujanani mwake na alikuwa akilisimulia mpaka tunalala.

Kisa chenyewe kwa ufupi (sio kifupi lakini 😄). Ravana mfalme wa Lanka alimwiba Sita mke wa Rama. Rama akafika pwani ile na jeshi la nyani, mkuu wao Hanuman, bahari imewazuia, wakaanza kutupa mawe na miti wakajenga njia. Mpaka kindi alisaidia, alijigaragaza mchangani akakimbia kwenda kujikung'uta kwenye daraja, mchanga punje punje, nyani wakamcheka, Rama akamshika akampapasa mgongoni na vidole vyake vikaacha mistari mitatu. MtotoWaMkoani hapo Madurai angalia miti ya nje ya gesti, kindi wadogo wa huko wana hiyo mistari.

Sasa watu wengi wanaishia vita lakini hekalu linaanzia baada ya vita. Rama kamuua Ravana, na Ravana pamoja na ubaya wake wote alikuwa Brahmin (tabaka la makuhani), msomi, mcha mungu Shiva. Kwahiyo mshindi ana dhambi ya kuua mtu wa dini na lazima aombe msamaha. Mie napenda sana hapa, maana hadithi nyingi shujaa akishinda anaenda zake kula pilau. Rama akamtuma Hanuman mlima Kailash akalete linga, lile jiwe la kumuabudia Shiva. Hanuman kachelewa, saa njema inapita, Sita akafinyanga linga kwa mchanga wa pale pwani na ibada ikafanyika. Hanuman anarudi anahema na jiwe lake mkononi anakuta shughuli imekwisha! Akakasirika, akalizungushia mkia lile la mchanga alingoe, akavuta, akavuta, halikutoka, kaanguka yeye. Rama akambembeleza, akasema basi jiwe lako liwekwe, na mtu akija aanze kuabudu kwako kwanza halafu kwa lile la Sita. Mpaka leo ndo utaratibu, linga mbili, na la Hanuman linaanza.

Kuhusu jengo, pale kilichoanza ni kibanda tu, likaongezwa karne baada ya karne na wafalme wa pande zote mbili za maji, inasimuliwa hata mfalme wa Jaffna alileta mawe kutoka Trincomalee. Ila waliolifanya liwe hivi ni Sethupathi, watawala wa Ramnad, wao ndo walikuwa wakilinda kivuko na njia ya mahujaji. Ile korido ya nje ilimaliziwa karne ya 18, nguzo zaidi ya 1,200, ukijumlisha korido zote urefu unapita kilomita moja. Ukisimama pembeni ukaangalia moja kwa moja nguzo zinakwenda zinapungua zinapungua hazimaliziki.

Na ndani kuna visima 22. Mahujaji wanaanza baharini, upande wa mashariki wa hekalu, wanazama na nguo zao, wanaingia hekaluni wanachuruzika maji wanazunguka kisima kwa kisima, juu ya kila kisima kasimama mtu na ndoo ya kamba, anateka anakumwagia kichwani, twa! unakwenda kingine. Nyanya alisema kisima hiki maji baridi, kile yana chumvi chumvi, kingine matamu kabisa, na vyote viko jengo moja hatua chache kutoka baharini. Sakafu inateleza, akina mama wazee wanashikana mikono. Alirudi na mchanga wa pale kwenye kitambaa, maana ndo desturi, unapeleka maji ya mto Ganga kutoka kaskazini kuja kumwagia linga, na unachukua mchanga wa Rameswaram kupeleka Ganga.

Kwa wewe: korido unaruhusiwa kutembea, ila mahali penyewe pa linga asiyekuwa Mhindu haingii. Simu huingii nayo, inaachwa nje. Viatu pia. Na mzee na jicho lake jipya asikaribie visima hata kwa kutazama, ndoo zile zinarusha maji kila upande.

Ustadh_wa_Malindi

Naomba niingie kwenye la Nabii Adam maana naona litapotosha watu.

Qur'ani haikutaja Adam kateremshiwa nchi gani. Habari za Sarandib, yaani Sri Lanka, zimo katika masimulizi ya wanazuoni na wasafiri, na kule kuna mlima una alama ya unyayo juu yake, Waislamu wanasema wa Adam, Mabudha wanasema wa Buddha, Wahindu wanasema wa Shiva. Ibn Battuta, huyu huyu aliyefika Mombasa na Kilwa 1331, aliupanda mlima ule mwaka 1344, na alipotoka hapo chombo kikamharibikia karibu na pwani ya Kitamil akafikia kwa sultani wa Madurai, hapo hapo ulipo wewe. Basi watu wa pwani wakaunganisha, kama alishukia Sarandib basi alivukia kwenye mafungu yale kuja bara. Ndo likaitwa Daraja la Adam na Waingereza wakalibandika kwenye ramani zao. Makaburi ya Habil na Qabil yapo kweli hapo Rameswaram, marefu kupita kimo cha mtu yeyote, watu wanazuru. Ni simulizi, tuyaache pale pale. Nyie Wapemba mna Mkama Ndume wa Pujini aliyewabebesha watu mawe huku wanatambaa kwa makalio, kuta zipo na kisa kipo na hakuna anayegombana navyo.

Kinachonivutia mimi ni Waislamu wenyewe wa pwani ile, Marakkayar. Ni mabaharia na wafanyabiashara wa lulu na wa vyombo, na ni Mashafi'i, si Mahanafi wa kaskazini. Kilakarai pale jirani kuna misikiti ya zamani imejengwa kwa nguzo za mawe kwa ufundi ule ule wa mahekalu. Karne ya 17 tajiri wao Seethakathi alikuwa rafiki wa mtawala wa Sethupathi, Mhindu, na huyo tajiri ndiye aliyemsaidia mshairi atunge maisha ya Mtume ﷺ kwa Kitamil, utenzi mrefu.

Na msisahau Abdul Kalam, rais wa India 2002 mpaka 2007, mzaliwa wa Rameswaram, 15 Oktoba 1931. Babake Jainulabdeen alikuwa imamu wa msikiti wa mtaa wao na ana chombo, kazi yake kuwavusha mahujaji wa Kihindu kati ya Rameswaram na Dhanushkodi. Kimbunga kikaja kukichukua chombo. Na katika sherehe ya kila mwaka ya harusi ya Rama na Sita, sanamu zinapelekwa katikati ya ziwa la hekalu, na mashua zenye jukwaa la kuzibebea zilikuwa zinatayarishwa na familia yao, familia ya imamu. Wakati wa vita kuu ya pili treni ilikuwa haisimami tena Rameswaram, magazeti yanatupwa marobota kwa marobota treni ikiwa inakwenda, na yeye mtoto ndo anayadaka kwa ajili ya binamu yake aliyekuwa akiyauza. Amefariki 2015, kazikwa kwao Rameswaram, na kumbukumbu yake ipo njiani ukiingia mjini. Mzee mpeleke hapo, hapana hekalu hapana ugomvi.

mpemba_halisi

Mawe yanayoelea bado hamjajibu, sie wengine tumekuja kwa ajili ya mawe

Nahodha_Mstaafu

Jiwe lenye matundu yaliyojaa hewa linaelea, hapana muujiza wala uchawi. La volkano linaelea, na hata tumbawe jengine likishakauka vizuri matundu yake yakabaki na hewa linaelea. Volkano ya Krakatau ilipolipuka 1883 kule Indonesia mawe yake yalielea Bahari ya Hindi nzima mpaka yakafika pwani yetu ya Afrika Mashariki mwaka uliofuata. Sasa nani kaliweka lile la kwenye tangi na kalitoa wapi muulize mwenye tangi, na ukimkuta ana sanduku la sadaka pembeni ushapata jawabu.

Hurumzi_Dada

Ami Nahodha 😂 lakini sadaka tutatoa tu

MamaMwani_Jambiani

Nyote mmesema ya hekalu na mimi nataka kusema ya baharini. Kisiwa hicho hicho cha Pamban na Mandapam ya ng'ambo yake wanawake wanalima mwani kama sisi! Kotonii ile ile, aina ya mwani tunaolima sisi. Tulionyeshwa picha kwenye mafunzo. Sisi tunapiga mambo, yaani vigingi, mchangani tunafunga kamba maji yakitoka tunakwenda kwa miguu, wao wanafunga kwenye fremu za mianzi zinaelea, maana bahari yao haitoki mbali kama yetu wakati wa bamvua. Walianza karibu na 2000, sisi tulishaanza mwisho wa miaka ya 80. Kabla ya kulima na mpaka sasa wako wanaozamia mwani wa mwitu kwenye visiwa vile, wanafunga vitambaa vidoleni kila kidole peke yake wasikatwe na mawe, wanavaa miwani ya kuzamia wanashuka na mfuko kiunoni. Ghuba ile ya Mannar ni hifadhi tangu 1986, visiwa 21, kwahiyo wakienda huko kwenye visiwa wanakamatwa, na hiyo kotonii nayo wataalamu wanasema imetoroka shambani ikapanda juu ya matumbawe ya kisiwa cha Kurusadai ikayaziba. Kotonii yetu huku inakufa kwa joto na ya kwao inatoroka, we acha tu.

Mwanangu ukifika kule waulize wanauza kilo bei gani kavu, halafu njoo utuambie. Hekalu litakungoja.

MtotoWaMkoani

Aisee nashukuruni sana nyote, nimemsomea mzee yote kasikiliza kimya, ya Ibn Battuta kupita Madurai kayapenda, ya Rama kuomba msamaha kasema "huyo mfalme ana adabu", na ya treni kaniuliza mara mbili kama nina hakika daraja la sasa ni jipya. Tumekubaliana tunakwenda. Kwa Abdul Kalam, halafu Dhanushkodi kuangalia bahari, hekalu mimi nitaingia korido tu yeye atakaa nje na chai. Kindi nimemuona kweli ana mistari mitatu, yupo juu ya tangi la maji hapa.

Mama Jambiani bei nitauliza inshallah. Hurumzi_Dada, siku gani pana nafuu ya watu? Na huko Dhanushkodi gari zinafika au mpaka jipu za kukodi?

Hurumzi_Dada

Zamani ilikuwa jipu tu zinapasua mchangani, sasa lami inafika mpaka ncha kabisa, hata basi linakwenda. Njiani kuna hekalu dogo la Kothandaramar, pale ndo Vibhishana mdogo wake Ravana alipomkimbia kaka yake akajisalimisha kwa Rama, 1964 mji wote ulikwenda lenyewe likabaki. Ondokeni asubuhi maana ile ncha haina mti hata mmoja na jua la pale si la mgonjwa wa macho, miwani myeusi usisahau.

Siku: kwepa siku ya kiza, mwezi hauonekani kabisa, kwa hesabu ya Kihindu inaitwa amavasya, watu wanakuja kuwaombea wazee wao waliokufa na mji mzima haupitiki, hasa ile ya kati ya Julai na Agosti na ile ya Januari au Februari. Muulize mwenye gesti, hiyo kalenda kila nyumba ya Kitamil ipo ukutani. Jumamosi Jumapili pia hapana. Nenda Jumanne hivi au Jumatano, treni ya asubuhi, na tiketi kata ya kurudi pamoja na ya kwenda.